Majarida ya bure ambayo asiyeona hawezi kuyasoma

Fungua kwenye kompyuta tasnifu yoyote ya zamani kidogo iliyo kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, kisha jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Neno likipakwa rangi peke yake, faili lina maandishi. Ukipakwa rangi ukurasa mzima, au kisipopakwa chochote, unachokitazama ni picha ya maandishi. Wewe unaisoma bila taabu. Mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini, kama NVDA au JAWS, ataambiwa ukurasa ni mtupu.

Nimetanguliza jaribio hilo kwa sababu mazungumzo kuhusu vitabu na watu wenye ulemavu huanzia kwenye fedha na sheria. Husemwa kuwa nukta nundu ni ghali na wachapishaji wa nje hawatoi ruhusa. Yote ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya yale ambayo wasomaji wetu wanashindwa kuyasoma tumeyaandika wenyewe, tukayahariri wenyewe na kuyaweka mtandaoni bure, bila kizuizi chochote cha hakimiliki.

Upande wa sheria mlango umekwisha kufunguliwa. Mkataba wa Marrakesh, unaosimamiwa na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, ulipitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018 na Tanzania 2020. Kiini chake ni kwamba taasisi isiyotafuta faida, maktaba ya chuo ikiwemo, iweze kutengeneza nakala ya kitabu kwa nukta nundu, kwa sauti au kwa faili linalosomeka bila kumwomba mchapishaji ruhusa, na kuituma kwa taasisi kama hiyo katika nchi nyingine mwanachama. Wanaolengwa ni wasioona, wenye uoni hafifu, wenye matatizo ya kusoma kama disleksia, na wale ambao ulemavu wa viungo hauwaruhusu kushika kitabu au kufunua kurasa. Viziwi hawamo katika mkataba huu, jambo linalowachanganya wengi. Mahitaji yao ya lugha ya alama yanashughulikiwa na sheria nyingine.

Hata hivyo, kugeuza kitabu kilichokwisha kuchapwa ni kazi ya jasho. Mkutubi anakiskani, anakipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha anaketi kurekebisha makosa. Riwaya haisumbui sana. Kitabu cha takwimu, chenye majedwali na milinganyo, kinaweza kukamilika wakati darasa limeshafanya mtihani. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi hii ni ya mwandishi na mhariri kwanza. Ikifika kwetu maktaba, imeshachelewa.

Hebu turudi kwenye tasnifu. Kwa nini nyingi ni picha? Chanzo chake mara nyingi ni ukurasa wa saini. Mwanafunzi ana faili safi la Word, analichapa, linasainiwa na msimamizi, halafu mtu anaskani kitabu kizima, kurasa mia mbili na zaidi, ili saini moja ionekane. Inatosha kuskani ukurasa huo mmoja na kuuunganisha na PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye Word. Kwa nini hii bado si kanuni katika kila ofisi ya masomo ya uzamili, sijui. Kwa tasnifu za zamani ambazo faili lake la awali limepotea, programu ya Tesseract ni ya bure na inatambua maandishi ya Kiswahili, ingawa lazima mtu apitie kilichotoka.

Faili lenye maandishi nalo halitoshi. Jicho linaloona hurukia vichwa vidogo kwa sababu vimekolezwa wino. Anayesikiliza hubonyeza herufi H, na NVDA humpeleka kwenye kichwa kinachofuata, ila tu kama mwandishi alitumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word. Kama alikuza herufi kwa mkono na kuzikoleza, kwa kompyuta hakuna kichwa chochote, na msomaji atasikiliza makala nzima tangu mstari wa kwanza akitafuta sehemu ya matokeo. Kisha PDF itengenezwe kwa amri ya kuhifadhi au kusafirisha faili. Ukiitengeneza kwa njia ya kuchapa, muundo wote unapotea.

Lugha nayo itajwe. Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA inasoma Kiswahili, lakini faili likiwa limeandikishwa kuwa la Kiingereza, ikisiri ya Kiswahili itasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na hapo hata mzawa wa Unguja hataambulia kitu. Kuchagua matini na kuipa lugha yake ndani ya Word ni suala la mibofyo michache tu.

Kwenye michoro ndipo ninapowadai waandishi zaidi. Maelezo mbadala, yaani maneno yanayoambatishwa kwenye picha ili kisoma skrini kiyasome, yakisema “grafu” tu hayamsaidii mtu. Yaseme kile ambacho grafu imewekwa kukionyesha: mavuno yanapanda misimu mitatu, kisha yanaporomoka baada ya ukame. Mkutubi hawezi kukuandikia hayo. Mimi nikipewa picha ya tishu chini ya hadubini naona madoa tu. Aliyeiweka pale ndiye anayejua doa lipi ndilo hoja. Milinganyo nayo iandikwe kwa kihariri cha milinganyo, isibandikwe kama picha. Hazina ya arXiv, inayotumiwa sana na wanafizikia na wanahisabati, ilianza Desemba 2023 kutoa makala pia kwa HTML, yaani muundo wa kurasa za wavuti, na sababu kuu ilikuwa watafiti wenye ulemavu ambao PDF iliwafungia nje.

HTML ina faida nyingine inayotuhusu moja kwa moja. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na hulazimika kukuza maandishi mara kadhaa. Ukikuza PDF yenye safu mbili, kila mstari unakulazimisha kusogeza ukurasa kulia na kushoto. HTML na EPUB, muundo wa vitabu vya kielektroniki, hujipanga upya kufuata upana wa skrini, hata ya simu. Majarida yetu mengi yanaendeshwa kwa Open Journal Systems, programu ya kuchapishia majarida mtandaoni, na mfumo huo unaruhusu kuweka HTML au EPUB kando ya PDF bila gharama ya ziada ya programu. Kinachohitajika ni muda wa mhariri.

Kwa vitabu vinavyonunuliwa nje, maktaba ina nguvu kuliko inavyodhani. Tangu tarehe 28 Juni 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitabu vya kielektroniki vinavyouzwa huko viwe vinafikika kwa wasomaji wenye ulemavu. Mchapishaji anayeuza Ulaya hana sababu ya kutuuzia sisi faili bovu, kwa hiyo sharti hilo liandikwe kwenye mkataba wa ununuzi.

Na kabla toleo jipya la jarida halijatoka, mpeni mwanafunzi anayetumia kisoma skrini makala moja aipitie aseme amekwama wapi. Alipwe, kama anavyolipwa mhariri wa lugha.