Fyuzi ya TV haiungui bure

Umeme ukikatika Dar es Salaam, ukarudi kwa nguvu na TV ikagoma kuwaka, wengi husema: “Fyuzi tu hiyo, weka nyingine.” Sivyo. Mara nyingi fyuzi ya bodi ya pawa, yaani sakiti inayopokea umeme ndani ya TV, huungua kwa sababu kifaa kinachopata umeme baada yake kwenye bodi hiyo kimepiga shoti, hasa dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) au transista kubwa (huwasha na kuzima umeme kama swichi). Fyuzi mpya nayo itaungua papo hapo. Kuunga waya badala yake ni kualika moto sebuleni. Fundi anayefanya hivyo mkimbie. Vifaa vya bodi vipimwe kwanza kwa mita, kibadilishwe kilichokufa, ndipo fyuzi iwekwe, ya ampea zilezile. Na tafadhali, usifungue mwenyewe: kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikiwa imechomolewa, na hizo zinaua.