Je, Kusikiliza Mozart Kunaongeza Akili?

Hata watu ambao hawajawahi kukaa wakasikiliza simfoni moja hadi mwisho wanaijua imani hii: mpigie mtoto mchanga muziki wa Mozart, mtunzi wa Austria wa karne ya 18, naye atakua na akili nyingi. Wajawazito hushauriwa waweke spika karibu na tumbo. Kwenye intaneti zimejaa rekodi za saa nyingi zenye jina la Mozart na ahadi ya kujenga ubongo. Ukiuliza ushahidi uko wapi, utajibiwa kwamba wanasayansi walishathibitisha.

Utafiti ulifanyika, hilo ni kweli. Lakini ndani yake hamkuwa na mtoto hata mmoja.

Mwaka 1993, Frances Rauscher, Gordon Shaw na Katherine Ky wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichapisha ripoti ya ukurasa mmoja katika jarida la kisayansi la Nature. Waliwapima wanafunzi 36 wa chuo kikuu. Kila mwanafunzi alisikiliza kwa dakika 10 sonata (kazi ya muziki wa ala yenye sehemu kadhaa) ya Mozart ya piano mbili, wakati mwingine akasikiliza kanda ya maelekezo ya kuutuliza mwili, na wakati mwingine akakaa kimya. Baada ya kila kipindi alipewa maswali ya kufikiria maumbo. Katika mojawapo, karatasi inakunjwa na kukatwa, nawe unatakiwa useme itaonekanaje ikikunjuliwa. Waliotoka kusikiliza sonata walifanya vizuri zaidi. Watafiti walipoyageuza matokeo kuwa alama za IQ, yaani kipimo cha akili, tofauti ilikuwa kama alama 8 au 9.

Ripoti hiyo hiyo ilisema kwamba manufaa hayo yalidumu dakika 10 hadi 15 tu, kisha yakatoweka.

Ni muhimu kuelewa alama hizo 8 au 9 zilikuwa na maana gani, kwa sababu upotoshaji ulianzia hapo. IQ hupimwa kwa majaribio mengi: msamiati, kumbukumbu, hesabu, mantiki na mengineyo. Hapa yalitumika maswali ya aina moja tu, ya maumbo, na alama zake zikahamishiwa kwenye mizani ya IQ ili zilinganishwe kwa urahisi. Kwa hiyo hakuna aliyepimwa akili yake yote ikaonekana imepanda. Kilichoonekana ni kwamba, kwa robo saa, vijana wa chuo waliona wepesi zaidi kufikiria karatasi iliyokunjwa. Rauscher mwenyewe alilieleza hilo baadaye: hawakudai kwamba muziki huo huongeza akili kwa jumla.

Habari haikusafiri na tahadhari zake. Watafiti waliofuatilia jinsi magazeti ya Marekani yalivyoripoti jambo hili waligundua kwamba kadiri miaka ilivyopita, wanafunzi wa chuo walizidi kupotea katika simulizi na nafasi yao ikachukuliwa na watoto, hata watoto wachanga. Mwaka 1998 Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia, aliomba bajeti ya dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki wa klasiki. Mwaka huo huo jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kutaka vituo vya kulelea watoto vinavyofadhiliwa na serikali viwapigie watoto muziki wa klasiki kila siku. Sera nzima ya umma ilisimama juu ya ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe haukuwa umesema hivyo.

Maabara nyingine zilijaribu kurudia jaribio. Baadhi ziliona ongezeko dogo, nyingine hazikuona chochote. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna walikusanya majaribio yapatayo 40, yenye washiriki zaidi ya 3,000. Walipowalinganisha waliosikiliza sonata ile na waliokaa kimya, waliona tofauti ndogo. Lakini muziki mwingine ulileta tofauti ya kiasi kile kile dhidi ya ukimya. Mozart hakuwa na kitu cha pekee.

Basi wanafunzi wale wa mwaka 1993 walipatwa na nini? Maelezo yaliyosimama imara kuliko mengine ni haya: muziki ulibadili hali yao ya wakati ule, yaani uchangamfu wa mwili na furaha ya moyo, na mtu mchangamfu hufanya mtihani vizuri kidogo kuliko aliyezubaa. Fikiria uzi wa gitaa. Ukilegea, hata mpigaji awe hodari namna gani, sauti hutoka imefifia. Ukikazwa kupita kiasi, noti hupanda hadi kuharibika, na mwishowe uzi hukatika. Kati ya hapo kuna mkazo unaofaa, ambapo uzi ule ule unatoa sauti safi. Hakuna kilichoongezwa kwenye gitaa. Umekazwa uzi uliokuwapo tayari. Na mkazo haudumu: uache kwa muda, utalegea tena. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyekaa dakika 10 katika chumba kimya, au akiambiwa na kanda alegeze mabega: amelegea. Aliyesikiliza piano mbili zikikimbizana kwa kasi na furaha amekazwa kufikia kiwango kinachofaa. Ukiwapa wote wawili maswali yale yale, tofauti itaonekana, na baada ya robo saa itakuwa imekwisha.

Maelezo haya yanaweza kujaribiwa, na yalijaribiwa kwa ustadi unaonifurahisha sana. Kama siri ni Mozart, basi mtunzi mwingine asifae. Lakini mwaka 1999 watafiti Kristin Nantais na Glenn Schellenberg walipotumia kazi ya Schubert ya piano, matokeo yalikuwa yale yale. Wakaenda mbali zaidi, wakaweka hadithi ya Stephen King, mwandishi wa hadithi za kutisha, ikisomwa kwa sauti mahali pa ukimya. Tofauti ikatoweka: waliopenda muziki walifanya vizuri zaidi baada ya muziki, na waliopenda hadithi walifanya vizuri zaidi baada ya hadithi.

Mwaka 2001 Schellenberg na wenzake walijaribu upande wa pili, kwa muziki wa klasiki wenye mwendo wa polepole na huzuni: Adagio inayojulikana kwa jina la Albinoni (ingawa kwa hakika iliandikwa na Remo Giazotto katika karne ya 20). Kipande hicho hakikusaidia kitu. Na kwa waliosikiliza Mozart, hesabu zilipozingatia uchangamfu na furaha ya kila mshiriki, karibu faida yote iliyohusishwa na Mozart iliyeyuka.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulitoka Uingereza, kwa watoto zaidi ya 8,000 wenye umri wa miaka 10 na 11. Kundi moja lilisikiliza kwinteti (kazi ya ala tano) ya Mozart, jingine mazungumzo kuhusu majaribio ya kisayansi, na jingine nyimbo za kisasa za wakati ule, zikiwemo za bendi ya Blur. Katika swali la kukunja karatasi, waliofanya vizuri zaidi ni waliosikiliza nyimbo za kisasa. Watoto walichangamshwa na muziki waliokuwa wakiupenda.

Masuala mawili hayapaswi kuchanganywa na haya. La kwanza ni kifafa: tangu mwaka 1998 kumekuwa na tafiti ndogo zinazosema sonata ile ile hupunguza mishtuko ya umeme kwenye ubongo wa wagonjwa. Mwaka 2023 watafiti wa Vienna walizipitia tena na kuona ushahidi wake ni dhaifu mno. La pili ni kujifunza kupiga ala, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kusikiliza. Schellenberg aliwafuatilia watoto 144 wa miaka sita na kuona waliofundishwa muziki kwa mwaka mmoja walipanda IQ kidogo kuliko wenzao, kwa wastani wa karibu alama 3. Majaribio ya baadaye hayajakubaliana juu ya hilo, kwa hiyo nisingempeleka mtoto kwenye masomo ya piano kwa ajili ya alama hizo.

Ningempeleka kwa ajili ya piano yenyewe. Na hapo ndipo ninapoihurumia sonata iliyogeuzwa dawa. Ni ile yenye namba K. 448 katika orodha ya kazi za Mozart, katika ufunguo wa D meja. Mozart aliiandika mwaka 1781, akiwa na umri wa miaka 25, muda mfupi baada ya kuvunja ajira yake kwa askofu mkuu wa Salzburg na kuanza kujitegemea Vienna. Ni sonata pekee ya piano mbili aliyoikamilisha. Aliitunga aipige pamoja na mwanafunzi wake, Josepha Auernhammer, na hakumpa sehemu ya kusindikiza tu: piano hizo mbili zina hadhi sawa. Zinaanza kwa pamoja, noti zile zile kwa nguvu, kisha zinatengana. Ya kwanza inasema sentensi, ya pili inaichukua na kuirudisha ikiwa imebadilika kidogo. Halafu zinabadilishana, na aliyekuwa akiongoza anakuwa mfuasi.

Isikilize kwa vifaa vinavyotenganisha sauti ya kushoto na ya kulia. Katika rekodi nyingi kila piano huwekwa upande wake, na utaweza kufuata ni nani anauliza na ni nani anajibu. Sehemu ya kati, yenye mwendo wa utulivu, ndiyo inayokosa subira ya wasikilizaji wengi. Usiiruke. Humo piano mbili zinapeana nafasi kwa upole hivi kwamba ni vigumu kusema wimbo ulihama lini kutoka mikono ya mmoja kwenda kwa mwingine.