Je, wajua? Kwa nini Elizabeth Freeman alidai uhuru wake kwa hati ya kudai mifugo

Mwaka 1781, katika kaunti ya Berkshire huko magharibi mwa Massachusetts, mwanamke mtumwa aliyejulikana kwa jina la Bett, ambaye baadaye alijiita Elizabeth Freeman, alimshtaki bwana wake mahakamani akamshinda. Wakili wake alikuwa Theodore Sedgwick, kijana wa miaka 35 aliyefanya kazi zake katika mji mdogo wa Sheffield. Cha ajabu ni silaha aliyoichagua. Alikwenda kuchukua hati ambayo kwa kawaida mkulima huitumia kumrudisha ng'ombe wake aliyeshikiliwa na jirani.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi niliisimulia kesi hii vibaya. Niliwaambia watu kuwa wakili alisimama, akasoma Katiba ya Marekani, hakimu akakubali, na utumwa ukafutwa Massachusetts siku hiyohiyo. Karibu kila kipande cha maelezo hayo kina kasoro.

Tuanze na Katiba. Ile ya Marekani yote iliandikwa mwaka 1787, miaka sita baada ya kesi. Iliyohusika ni katiba ya jimbo la Massachusetts ya mwaka 1780, ambayo sehemu kubwa yake iliandikwa na John Adams, na kifungu chake cha kwanza kinatamka kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Pili, si hakimu aliyeamua. Lilikuwa jopo la raia wa kawaida, na jopo la namna hiyo hutoa jibu bila kuandika sababu. Hili si jambo dogo: uamuzi usio na sababu hauna cha kunukuliwa na wakili wa kesho. Mtumwa wa shamba la pili aliamka asubuhi iliyofuata akiwa mtumwa bado.

Tatu, na hapa ndipo nilipokosea zaidi, Bunge la Massachusetts halikuwahi kupitisha sheria ya kufuta utumwa wakati ule. Uliisha kwa kumung'unyuka. Katika kaunti ya Worcester kulikuwa na mfululizo wa kesi za mtumwa aliyedai uhuru wake, Quock Walker, na mwaka 1783 Jaji Mkuu William Cushing aliliambia jopo waziwazi kwamba utumwa haupatani na katiba ya jimbo. Baada ya hapo mabwana wengi waliona hakuna faida ya kwenda kubishana mahakamani. Wengine waliwageuza watumwa wao kuwa watumishi kwa jina, wengine wakawauza nje ya jimbo. Sensa ya mwaka 1790 iliandika idadi ya watumwa Massachusetts kuwa sifuri. Ni sifuri ya kwenye karatasi, iliyotokana na wenye nyumba kuulizwa wana watu gani, kwa hiyo isichukuliwe kuwa hapakuwa na mtu hata mmoja aliyebaki kifungoni.

Sasa turudi Sheffield. Bwana wa Bett aliitwa John Ashley, tajiri mwenye ardhi, msomi wa Yale, aliyewahi kuwa hakimu wa mahakama ya madai ya Berkshire. Januari 1773, ndani ya nyumba ya Ashley huyohuyo, kamati ya wananchi ikiongozwa na Sedgwick iliandika tamko dhidi ya utawala wa Uingereza likisema kwamba wanadamu kwa asili yao ni sawa na huru. Bett alikuwa akihudumu katika nyumba hiyo.

Kilichomtoa, kwa mujibu wa masimulizi, ni beleshi la jikoni lililotoka motoni. Bi Hannah Ashley alilinyanyua ampige binti mmoja wa nyumbani, Bett akakinga kwa mkono wake, akaungua. Kovu hakulificha tena maisha yake yote. Habari hii tunaipata kwa Catharine, binti yake Sedgwick, aliyeiandika miongo mingi baadaye, hivyo tuipokee kama kumbukumbu ya familia. Bett alikwenda kwa wakili. Katika kesi aliunganishwa na mwanamume aitwaye Brom, naye mtumwa wa Ashley. Inadhaniwa aliongezwa kwa sababu mwanamke peke yake alikuwa na nafasi finyu mbele ya mahakama za wakati ule.

Ile hati iliitwa replevini. Fikiria mbuzi wako ameingia shambani kwa jirani akala mahindi. Jirani anamfunga na kusema hamwachii mpaka alipwe hasara. Wewe unaona amekuonea. Ukisubiri kesi iishe, mbuzi atakuwa amekonda au ameliwa. Sheria ya Kiingereza ilikuwa na dawa yake: unakwenda kuchukua hati, unaweka dhamana, sherifu anaamuru mbuzi aachiwe kwanza, kisha mnakutana mahakamani. Huko hamuulizwi nani kati yenu ni mwema. Swali ni moja tu: aliyeshikilia, alikuwa na haki ya kushikilia?

Uzuri wa hati hii ni kwamba inamlazimisha aliyeshikilia afungue mdomo. Mtu aliyekaa kimya na mbuzi wako nyuma ya ua ana nguvu, kwa sababu wewe ndiye unayehangaika. Hati ikishafika mlangoni, yeye ndiye anayepaswa kutaja haki yake, na haki ikishatajwa inaweza kuchunguzwa. Sheria hiyo ya Kiingereza ilikuwa pia na tawi la kuwatoa watu walioshikiliwa isivyo halali, kwa hiyo Sedgwick hakuzua kitu kutoka hewani. Tofauti na mbuzi ni kwamba hapa aliyeshikiliwa ndiye mdai.

Ashley alikataa kuwaachia. Akajibu kwamba Brom na Bett ni watumishi wake wa maisha. Basi, akawa ameutaja msingi wake, na msingi huo ndio uliowekwa mezani Agosti 1781 mjini Great Barrington. Sedgwick alisaidiwa na Tapping Reeve, wakili kutoka Litchfield, Connecticut. Hotuba zao hazikuhifadhiwa na mahakama. Maelezo yaliyotufikia yanasema walidai kuwa hakuna sheria ya Massachusetts iliyowahi kuuanzisha utumwa, na hata kama ingekuwapo, katiba mpya imeifuta. Jopo likajibu swali lililoulizwa, basi: siku hati ilipotolewa, hawa wawili hawakuwa watumishi wa Ashley wa maisha. Likaongeza fidia ya shilingi 30. Ashley alikata rufaa, kisha akaiondoa mwenyewe.

Maisha ya Sedgwick baada ya hapo ni orodha ya vyeo: Baraza la Wawakilishi, Seneti, Spika wa Baraza la Wawakilishi kuanzia 1799 hadi 1801, kisha jaji wa mahakama kuu ya jimbo mpaka alipofariki mwaka 1813. Bett ananivutia zaidi. Alijiita Elizabeth Freeman, jina la ukoo lenye maana ya mtu huru. Ashley alimwomba arudi kwa mshahara, akakataa, akaenda kufanya kazi ya kulipwa nyumbani kwa Sedgwick. Wakati wa uasi wa Shays, yaani uasi wa wakulima wenye madeni wa 1786 hadi 1787, wafuasi wa uasi huo walipoivamia nyumba hiyo mjini Stockbridge, ndiye aliyevificha vyombo vya fedha vya familia. Baadaye alinunua nyumba yake mwenyewe. Picha yake iliyochorwa mwaka 1811 juu ya kipande cha pembe ya ndovu ipo hadi leo Boston.

Alifariki Desemba 1829. Makaburi ya ukoo wa Sedgwick huko Stockbridge yamepangwa kwa duara, Theodore akiwa katikati, na wanaukoo wamelazwa miguu ikimwelekea. Wenyeji hutania kwamba ni ili siku ya kufufuliwa wasione mtu ila Sedgwick. Elizabeth Freeman amezikwa ndani ya duara hilo.