Injera na ile rekodi ya trai

Jamani kuna kitu naona kinarudiwa kila siku, eti Collins Injera, mchezaji wetu wa zamani wa timu ya Kenya, bado ndiye mwenye rekodi ya trai (bao la kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) nyingi zaidi duniani kwenye raga ya wachezaji saba. Hapana, si kweli. Mei 2016 pale London alimpita Santiago Gómez Cora wa Argentina aliyekuwa na trai 230, na Kenya nzima tukashangilia, lakini mwaka uliofuata tu Dan Norton wa Uingereza akampita na akazidi kwenda. Injera alistaafu na 279.

Sasa wengine wakisikia hivyo wanadhani tunamshusha, la hasha! Huyu jamaa wa klabu ya Mwamba msimu wa 2008/09 alifunga trai 42 akaongoza dunia nzima, halafu Aprili 2016 kule Singapore akawa uwanjani Kenya ikiipiga Fiji 30-7 kwenye fainali, Fiji hao hao waliochukua dhahabu ya Olimpiki miezi michache baadaye, na lile ndilo kombe letu la kwanza la World Series, yaani ule mfululizo wa mashindano ya dunia ya raga hiyo ya wachezaji saba. Na ndiyo, Humphrey Kayange, naye mchezaji wa zamani wa Kenya, ni kaka yake wa damu, msichanganywe na majina.