Godoro la mpira wa asili si utomvu mtupu

Ukiulizia godoro la mpira wa asili mjini Unguja, huchelewi kuambiwa: "Hili ni utomvu mtupu wa mti, halina dawa hata chembe." Si kweli, na wala haiwezekani.

Anayeishi karibu na mashamba ya mipira, Unguja au Pemba, ameona mgemaji anavyochana gome kwa mshazari, maziwa meupe yakachuruzika hadi kikombeni. Yakiachwa hivyo huganda baada ya saa chache. Ndiyo maana yanayotengenezewa magodoro hutiwa amonia, kisha mashine huyazungusha kwa kasi kuyapunguza maji.

Kiwandani hutiwa sabuni, salfa na oksidi ya zinki, yakapigwa mpaka yaumuke povu, yakamiminwa kwenye kalibu yenye vijiti vingi (ndivyo vinavyoacha vile vitundu vya godoro) na kupikwa kwa mvuke. Salfa ndiyo inayoukaza mpira. Bila hiyo, kwa joto letu la kaskazi, godoro lingenata na kubonyea lisirudi. Likitoka huoshwa vizuri kuondoa mabaki, ndipo likaushwe.

Muuzaji mkweli atakwambia mpira wa mti ni kiasi gani, maana mengine huchanganywa na mpira wa viwandani unaotokana na mafuta ya petroli. Sponji la kawaida, hilo halina utomvu kabisa.