Plasmidi ya kupachika ni nini?

Aliyepita maabara ya baiolojia ya sekondari analikumbuka jaribio la wanga: unadondosha iodini kwenye kipande cha muhogo, na ile rangi ya kahawia inageuka buluu iliyoiva, karibu na nyeusi. Jaribio hilohilo hutumika katika uhandisi wa vinasaba kuonyesha kama jeni iliyotiwa ndani ya bakteria imekaa mahali ilipotakiwa.

Plasmidi ni DNA yenye umbo la pete. Hukaa kando ya kromosomu ya bakteria na kujinakili yenyewe, ndiyo maana wahandisi huitumia kubebea jeni. Ndani ya Escherichia coli (E. coli), bakteria anayetumika sana maabara, kazi mara nyingi huishia hapo. Kwa Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni ambaye Wajapani humtumia kuchachusha soya hadi ziwe natto, safari ni ndefu kidogo.

Huyu ni bakteria wa Gram chanya. Jina hilo linatokana na Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyebuni mbinu yake ya kupaka bakteria rangi mwaka 1884 akiwa Berlin: wenye ukuta mnene hubaki zambarau hata baada ya kuoshwa kwa alkoholi. Ukuta huo ni kikwazo kwa DNA itokayo nje, na aina nyingi za kundi hili hulazimika kupigwa umeme ili ipenye. B. subtilis ana kipaji chake. Akibanwa na njaa, sehemu ya seli zake hujenga mitambo ya kuvuta DNA ndani. Mwanamikrobiolojia John Spizizen alilionyesha hilo mwaka 1958, na aina aliyoitumia, 168, ndiyo inayotumika maabara hadi sasa.

Kuingia ni jambo moja, kudumu ni jingine. Plasmidi za kwanza kutumika ndani yake zilitoka kwa Staphylococcus aureus, na nyingi hujinakili kwa kuacha uzi mmoja wa DNA wazi kwa muda. Katika hali hiyo vipande hukatika na kupotea. Ukiondoa antibaiotiki inayozuia seli zisizo na plasmidi kuota, baadhi ya seli zinazozaliwa huikosa plasmidi kabisa.

Plasmidi ya kupachika inatatua hilo kwa kunyimwa uwezo wa kujinakili ndani ya Bacillus. Unaizalisha kwa wingi ndani ya E. coli, kisha unampa Bacillus. Jeni yako, pamoja na jeni ya usugu dhidi ya antibaiotiki iitwayo kloramfenikoli, imewekwa katikati ya vipande viwili vya jeni iitwayo amyE: cha mwanzo upande huu, cha mwisho upande ule. Seli huvilinganisha vipande hivyo na amyE iliyo kwenye kromosomu yake, hubadilishana DNA pande zote mbili, na kilichokuwa katikati kinabaki humo. Seli ambayo haikupachika haina usugu wa kurithisha, na kwenye sahani yenye maikrogramu 5 za kloramfenikoli kwa mililita haitaota.

Sasa iodini. amyE hutengeneza amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Gusa kila koloni (kundi la bakteria waliotokana na seli moja) kwa kijiti cha meno, uipandikize kwenye sahani mbili, moja ikiwa na wanga, kwa sababu iodini itaua utakayoimwagia. Kesho yake mwagia ile ya wanga. Sahani nzima inakuwa buluu nzito, na kumzunguka Bacillus wa kawaida kunabaki duara angavu alipokula wanga. Asiye na duara amyE yake imevunjwa: hapo ndipo jeni yako ilipokaa.

Naisisitiza hatua hii kwa sababu kuota kwenye kloramfenikoli peke yake hakutoshi. Wakati mwingine DNA hubadilishana upande mmoja tu, pete nzima ikamezwa na kromosomu, na amyE nzima ikabaki inafanya kazi. Koloni hiyo ni sugu kama nyingine, lakini duara lake lipo, na pete hiyo inaweza kuchomoka tena.

Iliyopachikwa sawasawa huwa nakala moja kwa kila kromosomu, hivyo ukilinganisha nguvu za swichi mbili za jeni hudanganywi na seli moja kuwa na pete nyingi na nyingine chache. Haihitaji tena antibaiotiki ya kuilinda. Na Bacillus anapojifunga kuwa spora, yaani seli iliyolala ndani ya gamba gumu, jeni hiyo huingia naye ndani pamoja na kromosomu.