Utafiti Unaposema "Acheni": Kwa Nini Sera ya Afya Huchelewa Kusikia

Mwaka 2011 matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania yaliwashangaza madaktari wa watoto duniani kote. Jaribio hilo, lililojulikana kwa kifupi kama FEAST, lilihusisha watoto 3,141 waliofikishwa hospitalini na homa kali huku damu ikionekana kutozunguka vizuri mwilini. Walioliandaa walitaka kujua jambo ambalo wengi waliona lina jibu tayari: mtoto wa namna hii aongezewe maji mengi ya dripu kwa haraka, au la? Vitabu vilisema aongezewe. Ndani ya saa 48, makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka yalipoteza asilimia 10.6 na asilimia 10.5 ya watoto. Kundi ambalo halikupewa lilipoteza asilimia 7.3. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri jaribio lisimamishwe kabla ya idadi iliyopangwa kutimia.

Kwa maneno mengine, katika kila watoto 100 waliopewa tiba iliyoaminiwa, walikufa watatu zaidi.

Ili uone uzito wa jambo hili, fikiria linavyokuwa pale kitandani. Muuguzi anagusa mikono na miguu ya mtoto kuona kama imepoa. Anabonyeza ukucha hadi uwe mweupe, kisha anauachia na kuhesabu sekunde mpaka wekundu urudi. Anapapasa mshipa kuona kama mapigo ni dhaifu na ya mbio. Akikuta dalili hizo, mafunzo yake yanamwambia aongeze maji mara moja. Katika jaribio, kiasi kilikuwa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa moja. Mtoto wa kilo 10 anaingiziwa mililita 200 hadi 400 kwenye mshipa kwa muda huo mfupi. Tena si watoto wote wanaohitaji maji waliohusika: wenye kuharisha na kutapika na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, kwa kuwa wao wana miongozo yao. Tahadhari hiyo ni muhimu, maana nimesikia matokeo haya yakisimuliwa kana kwamba dripu ni sumu kwa kila mtoto. Sivyo kabisa.

Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba vifo vya ziada havikutokana hasa na maji kujaa kwenye mapafu, kama madaktari wengi walivyodhani. Vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi.

Sasa linganisha na jaribio jingine lililotangazwa mwaka uliotangulia. AQUAMAT ilipima dawa mbili za sindano kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika: kwinini iliyozoeleka, na atesuneti. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, wa atesuneti asilimia 8.5. Matokeo yalitoka Novemba 2010, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti iwe chaguo la kwanza kwa watoto wenye malaria kali. FEAST ilitoka mwaka huohuo wa 2011, lakini mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2013 bado uliendelea kuelekeza maji ya haraka. Maelekezo mapya yalikuja mwaka 2016: mtoto asiye na dalili zote tatu kwa pamoja za mshtuko (hali ya damu kutofika vya kutosha kwenye viungo vya mwili), yaani mikono na miguu baridi, damu kuchelewa kurudi kwenye ukucha kwa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya mbio, asipewe maji ya haraka. Mwenye zote tatu apewe kiasi kidogo zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Majaribio yote mawili yalikuwa makubwa, yalifanyika Afrika, kwa watoto mahututi, na yalipima kifo chenyewe wala si kipimo cha maabara. Kwa nini moja lisikilizwe ndani ya miezi na jingine lingoje miaka?

Sehemu ya jibu ni ya kisayansi na inastahili heshima. Watoto waliotimiza dalili zote tatu ndani ya FEAST walikuwa 65 tu, na wanasayansi walibishana kwa nia njema iwapo idadi hiyo inatosha kuhukumu tiba ya mshtuko kamili. Wengine walisema hospitali zile hazikuwa na mashine za kusaidia kupumua, kwa hiyo matokeo hayawezi kubebwa hadi penye wodi za wagonjwa mahututi. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini iangalie kwa upande wa pili: hospitali nyingi zinazopokea watoto wa namna hii hazina mashine hizo, na matokeo yaliyopatikana katika mazingira yao ndiyo yanayozihusu kuliko yoyote.

Sehemu nyingine ya jibu ndiyo inayonisumbua zaidi. Utafiti wa AQUAMAT ulisema ongezeni kitu. Panapoongezwa kitu, kuna mtengenezaji, kuna mfadhili wa kununua, kuna semina ya kuwafundisha wauguzi kuyeyusha unga wa atesuneti na kupima dozi kwa uzito, kuna fungu la bajeti lenye jina. Kila mmoja wao anaisukuma sera mbele. Utafiti wa FEAST ulisema acheni. Kuacha hakuna muuzaji. Hakuna anayeandaa semina ya kutofanya jambo, na muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, mbele ya mtoto anayezimika na mzazi anayelia, anaombwa atulize mkono uliofundishwa kutenda. Hilo ni gumu kwa binadamu yeyote, na sera isiyolitambua haitafika wodini hata ikichapishwa vizuri namna gani.

Kwa hiyo ninapoombwa ushauri wa namna ya kugeuza matokeo kuwa sera, ninaanza na swali hili: je, utafiti huu unatuambia tuongeze, tubadilishe au tuache? Kama ni kuacha, wizara iteue mtu au kitengo cha kuubeba, kwa sababu hautajibeba wenyewe.

Namba nazo zisomwe kwa pande mbili. Ripoti moja inaweza kusema atesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5, nyingine ikasema vifo vilishuka kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Zote ni kweli. Ya kwanza inasikika kubwa, lakini anayepanga bajeti anahitaji ya pili, kwa kuwa ndiyo inayomwambia kwamba anaokolewa takriban mtoto mmoja katika kila 40 wanaotibiwa.

Halafu kuna suala la mahali. Sindano za steroidi kwa mjamzito anayekaribia kujifungua kabla ya wakati zimejulikana kwa miaka mingi kusaidia mapafu ya mtoto. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya kuzipeleka sindano hizo hadi ngazi za chini za huduma ya afya katika nchi sita. Kwa jumla, vifo vya watoto wachanga viliongezeka: 27.4 kwa kila vizazi hai 1,000, dhidi ya 23.9 kulikokuwa na huduma ya kawaida. Wengi wa wanawake waliochomwa hawakuzaa watoto wadogo waliokusudiwa. Jaribio la mwaka 2020, lililofanyika katika hospitali za nchi tano ambako umri wa mimba ulipimwa kwa ultrasaundi na mtoto njiti angeweza kuhudumiwa, lilionyesha vifo vya watoto wachanga vikishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Dawa ni zilezile. Kilichotofautiana ni uwezo wa kujua umri wa mimba na huduma iliyomsubiri mtoto baada ya kuzaliwa. Sera inayonunua sindano na kuahirisha ultrasaundi imenunua nusu ya matokeo, na nusu hiyo inaweza kuwa ile yenye madhara.

Mambo haya si ya wataalamu peke yao. Kama wewe ni mjumbe wa kamati ya kituo cha afya, diwani, au mwandishi wa habari, una haki ya kuuliza. Mwongozo uliobandikwa kwenye ukuta wa wodi ya watoto ni wa mwaka gani? Uliotangulia ulibanduliwa, au yote miwili ipo ukutani na kila zamu inachagua wake? Watumishi waliohamia karibuni wamefundishwa upi? Daftari la wodi linaonyesha watoto wangapi waliongezewa maji kwa haraka mwezi uliopita, kwa dalili zipi, na walitoka vipi? Majibu ya maswali hayo yaombwe kwa maandishi na yaingie kwenye muhtasari wa kikao, ili kamati itakayokuja iwe na pa kuanzia inapopima kama mabadiliko yametokea.